Ngoma Isiyovuka Ukuta

Katika Kiswahili neno ngoma lina maana zisizopungua tatu. Ngoma ni chombo, yaani mzinga wa mti uliowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo, yaani nyayo na mabega yanayoufuata mdundo. Tena ngoma ni hafla, mkusanyiko wa watu walioitana ili mchezo huo uchezwe. Asemaye kwamba jana kulikuwa na ngoma mtaani halazimiki kufafanua amekusudia ipi kati ya hizo, kwa kuwa zote tatu zilikwenda pamoja tangu zamani. Msondo haukuwa na kazi pasipo nyayo za wachezaji, wala vumi halikupigwa ili limfurahishe mpigaji wake peke yake. Lugha, kwa kuyatia yote hayo katika neno moja, ilikwisha kutoa hukumu yake kwamba ngoma ni jambo la watu.

Hukumu hiyo imepata mpinzani katika zama hizi, naye ni dramu za umeme ziwekwazo nyumbani. Asili yake si pwani. Mwaka 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa seti iliyoitwa SDS-5, yenye padi za pembe sita zilizokuwa ngumu hata wapigaji wengi wakalalamikia maumivu ya vifundo vya mikono. Mwaka 1997 kampuni ya Roland ya Japani ikatoa seti ya TD-10, ambayo padi zake ziliwambwa wavu badala ya mpira mgumu. Wavu huo ulitengenezwa kwa ushirikiano na Remo, kampuni ya Marekani iliyojulikana kwa ngozi za ngoma za plastiki. Tangu hapo mkwiro ukawa unaruka juu ya padi kwa namna inayokaribia ngozi ya kweli, na chombo kikaingia vyumbani mwa watu ambao hawajapata kupanda jukwaani.

Utendaji wake si mgumu kueleweka. Chini ya wavu hukaa kihisi kidogo kinachougeuza mtikisiko wa pigo kuwa ishara ya umeme. Ishara hupita katika waya hadi kwenye moduli, ambayo hupima nguvu ya pigo, ikachagua sauti iliyorekodiwa kabla na kuipeleka kwenye vipokea sauti vya masikioni. Mpigaji husikia dramu zinazonguruma kama ziko katika ukumbi mkubwa. Aliyekaa naye chumba hichohicho husikia vijiti vikigonga wavu, basi. Ngoma za mti huanikwa juani au kuotwa motoni ili ngozi ikaze. Hizi hukazwa na kulegezwa sauti kwa kubonyeza kitufe.

Swali la kimaadili linalozuka hapa ni hili: je, ngoma ambayo haisikiwi na yeyote ila mpigaji wake bado ni ngoma, au ni kitu kingine kilichoazima jina?

Kabla ya kuilaumu, insafu yataka itetewe kwanza. Seti ya kawaida ya dramu hupita desibeli 100 mbele ya mpigaji wake. Katika miji ambamo ukuta mmoja hugawana familia mbili, kelele hizo ni dhuluma kwa mgonjwa, kwa mtoto mchanga na kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku. Jirani ana haki, na haki yake haisimami kwa sababu mwenzake anajifunza sanaa. Anayejizuia, akavaa visikizio ili wengine walale, amefanya jambo la kiungwana. Hata hivyo ukimya huo haujakamilika. Kikanyagio cha dramu la besi hupiga sakafu, na mtikisiko wake hushuka hadi kwenye dari la wa chini. Ndiyo maana baadhi ya wapigaji wa Ulaya hujitengenezea jukwaa la mbao mbili zilizotenganishwa kwa mipira ya tenisi, ili mtikisiko ufie humo. Mtu aliyejipa kazi ya kukata mbao na kupanga mipira kwa ajili ya usingizi wa jirani asiyemwona hawezi kuitwa mbinafsi.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi. Upweke si adui wa sanaa. Mshairi naye huzihesabu mizani peke yake usiku, akalifuta neno na kulirejesha, na hakuna anayesema kwamba utungo wake si utungo kwa sababu haujaghaniwa. Mpigaji anahitaji mahali pa kukosea bila kuchekwa. Pigo moja hurudiwa mara elfu kabla ya kunyooka, na hakuna hadhira yenye subira ya kuyasikiliza yote elfu.

Hoja hizo zinakubalika. Lakini zinakubalika kwa sharti ambalo zenyewe zimelibeba, nalo ni kwamba upweke huo uwe njia. Mshairi hutunga faraghani kwa kuwa ipo siku utungo utatoka. Hata usipotoka, umetungwa ukimwelekea msikilizaji. Mazoezi ni maandalizi ya kitu, na kitu kile kikisahauliwa, mazoezi hugeuka desturi ya kujifungia. Hapo ndipo tabia ya pili ya chombo hiki inapoanza kujidhihirisha, nayo ni hamu ya kukipanua.

Mnunuzi wa kwanza aghalabu huanza na seti ndogo: padi nne au tano, matuazi mawili matatu, moduli na kikanyagio. Haupiti muda mrefu akagundua kwamba nyuma ya moduli kuna tundu tupu, lililoachwa na watengenezaji kwa ajili ya tuazi jingine. Tundu hilo halimwachi kwa salama. Hununua tuazi. Kisha hununua padi yenye sehemu mbili, katikati sauti moja na ukingoni nyingine. Hutafuta waya zinazofaa na vishikizo vya kuzibana, fremu ikawa ndogo, akaibadilisha. Matundu yanapojaa, hununua moduli kubwa zaidi, na moduli kubwa huja na matundu matupu mapya. Safari haina bandari, kwa sababu kila kituo kimejengwa kiwe mwanzo wa safari nyingine.

Si haki kusema kwamba kila kuongeza ni uchu. Mpigaji anayejifunza mapigo yanayohitaji ngoma tatu za mkono hawezi kuyapiga kwa moja. Moduli nyingi za leo huruhusu mwenyewe kuingiza sauti alizozirekodi, hata mtu akaweza kuupa wavu sauti ya dumbak au ya msondo, na katika kufanya hivyo akalazimika kuisikiliza kwa makini kuliko alivyopata kuisikiliza. Swali si idadi. Swali ni nini kilichoita kile kilichoongezwa: je, ni pigo lililokosa mahali, au ni tundu lililokosa kitu?

Washairi wana mfano wa jambo hili. Katika takhmisa mtunzi huichukua beti ya mishororo miwili iliyokwisha tungwa na mwingine, akaitangulizia mishororo mitatu yake ili iwe mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyofanya katika Takhmisi ya Liyongo. Huko nako ni kupanua, tena kupanua kukubwa, kwa kuwa kilichoongezwa ni kingi kuliko kilichokuwapo. Lakini mishororo mitatu ile haiji ipendavyo. Huja na kina kilichokwisha amuliwa, ikafikisha maana mahali ambapo mishororo miwili ya asili inaipokea. Nyongeza imekitii kilichotangulia. Kwa upande mwingine, mtungaji wa shairi la mizani kumi na sita akiona beti yake haina nguvu, haimfai kitu kuifanya mizani ishirini. Udhaifu haukuwa wa uchache wa mizani, na ile ziada itaubeba udhaifu uleule hadi mbali zaidi.

Mpiga dramu Mmarekani Max Roach, aliyefariki mwaka 2007, alikuwa na kawaida ya kukaa mbele ya hadhira na matuazi pacha ya kukanyagia tu, bila ngoma hata moja, akayapiga kwa heshima ya Jo Jones aliyemtangulia katika fani. Kwa kijiti, kwa mguu na kwa ukingo wa chuma alitoa sauti ambazo wengine huzitafuta katika fremu iliyojaa. Mfano huu hauwaamrishi wote wawe na tuazi moja. Unachoonesha ni kwamba kilichomtosha Roach hakikuwa chuma kile peke yake. Mbele yake walikuwapo watu, na nyuma yake alikuwapo mwalimu aliyekuwa akimkumbuka. Kila pigo lilikuwa na wa kulipokea.

Hapa ndipo maswali mawili, la ukimya na la kupanua, yanapokutana. Katika ngoma ya watu, aliyepo huitikia. Mchezaji akichoka, mpigaji huona na kupunguza. Kiitikio kikichangamka, naye huongeza. Kutosha kwa ngoma hupimwa na waliopo, na mpigaji huambiwa bila maneno kwamba hapa pamefika. Aliye peke yake na visikizio vyake hana wa kumwambia imetosha wala wa kumwambia ongeza. Hamu ya kuitikiwa haifi kwa hilo. Hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu zaidi ni kununua. Kitu kipya humwitikia kwa siku chache, kisha hunyamaza. Waliokwisha kupanua seti zao wanaijua pia hitilafu moja mashuhuri: padi zikizidi juu ya fremu moja, ikipigwa hii, ile isiyoguswa nayo hutoa sauti kwa sababu ya mtikisiko. Mwenyewe hupoteza jioni nzima akirekebisha moduli ili jambo hilo likome. Kiitikio cha pekee kilichobaki chumbani humo ni kosa la kuondolewa.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Walikusudia kuonya dhidi ya ubinafsi, ila methali yao ina upande wa pili usiotajwa sana. Ngozi huwambwa kwa kuvutwa pande zote. Ikivutwa na mmoja, upande mmoja, hailii.

Basi haielekei kuwa sawa kuziharamisha dramu za umeme katika majumba, wala kuzisifu kwamba zimemaliza ugomvi kati ya mpigaji na jirani. Zimeulinda usingizi wa jirani, na hilo ni jema. Lakini jirani aliyelindwa dhidi ya sauti hajawa bado mtu wa kuisikia. Mwenye chombo hicho ana deni ambalo chombo hakiwezi kumlipia: siku moja avichomoe visikizio, aunganishe spika kwa kiasi kisichomdhuru mtu, amwalike wa karibu, ampigie kile alichokifanyia kazi kwa miezi mingi. Huenda pigo likayumba. Aliyealikwa atatikisa kichwa, au atanyamaza, au atagonga kidole juu ya meza akiutafuta mdundo. Mpigaji akishakuona kugonga huko ndipo atakapoweza kujua kama seti yake inahitaji padi nyingine.