Kaliba ya Bunduki na Kaliba ya Mtu



Jumapili moja baada ya ibada, mpwa wangu mmoja alinifuata hadi nyumbani. Yeye ni mfugaji, baba wa watoto wanne, na ameamua kuhama. Malisho ya huku kwetu Sengerema yamebanwa na mashamba, na mashamba nayo yamebanwa na nyumba. Anakwenda ng'weli, kama tusemavyo sisi Wasukuma, yaani magharibi, kisha atashuka hadi upande wa Mpanda, ambako ndugu zetu wengi wamekuwa wakienda na mifugo yao tangu miaka ya 1970. Alipokwisha kunywa uji aliniambia, "Mjomba, wewe ni mwalimu, hesabu hazikushindi. Nataka kuomba kibali cha bunduki kabla sijaondoka, nawe uniandikie barua ya kunidhamini. Je, nichukue ya namba ngapi?"

Huenda msomaji akasema kwamba swali hili ni la polisi au la mwenye duka la silaha, wala si la gazeti la parokia. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilimwomba anipe juma mbili nifikiri, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba swali hili ni la dhamiri tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwanza niliitafuta elimu yenyewe, maana mtu asiyejua kitu hawezi kukitolea hukumu. Namba ya bunduki ni unene wa risasi yake, na wenye bunduki huuita kaliba. Bunduki nyingi zilipimwa kwa inchi. Ile ndogo ya .22 ina risasi yenye unene wa milimita 5.6 na uzito wa gramu mbili na nusu hivi; hiyo inafaa sungura na kanga. Ile ya .303, ambayo wazee wetu wa KAR waliibeba hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili, ina milimita 7.7, nayo inatosha swala na kongoni. Kwa nyati na tembo kipimo kinachokubaliwa tangu zamani katika nchi zetu ni .375, iliyotolewa mwaka 1912 na kampuni ya Holland & Holland ya London; risasi yake ina uzito wa gramu 19 na zaidi. Iko na kubwa kuliko hiyo, .458, iliyotoka Marekani mwaka 1956, ambayo risasi yake hufika gramu 32.

Bunduki ya marisau, ile ya namba 12, hesabu yake ni nyingine. Maana yake ni kwamba goroli 12 za risasi, kila moja ikienea sawasawa katika mtutu huo, zina uzito wa ratili moja. Marisau hayo hutawanyika na nguvu yake hukoma karibu. Bali risasi ya raifali ikikosa shabaha yaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu kabla ya kuanguka, nayo haiulizi nani anaishi huko inakoangukia.

Wapo wanaosema kwamba namba si kitu, shabaha ndiyo kila kitu, na humtaja Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja katika Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 tu. Ni kweli. Lakini Bell alikuwa amepasua mafuvu ya tembo na kujifunza ubongo ulipo. Mtu asiye na elimu ile akimwiga, ataacha porini tembo waliojeruhiwa. Aidha, elimu ile haikujibu swali la kwa nini waliuawa wote hao. Jibu lake lilikuwa pembe. Kwa upande mwingine, anayejinunulia bunduki kubwa mno hapati usalama pia. Bunduki kubwa hupiga teke begani, na mwenye kuiogopa bunduki yake hufumba macho anapovuta kiwambo. Yeye naye hujeruhi badala ya kuua.

Neno hilo "kujeruhi" ndilo lililonirudisha utotoni, nami naomba mniruhusu nisimulie jambo ambalo sijapata kuliandika.

Baba yangu alihamia huku katika miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikifyeka pori la mbung'o na kuwahimiza Wasukuma wavuke kuja Geita. Sengerema wakati huo ilikuwa sehemu ya Geita. Kwa hiyo sisi nasi ni watu tuliohamia magharibi. Baba alikuja na jembe, ng'ombe sita na gobore moja. Gobore hilo lilishindiliwa kwa mdomo, baruti, kitambaa na kipande cha chuma, na lilimfaa kwa nguruwe wa porini waliokuwa wakiharibu mihogo.

Mwaka mmoja, nami nikiwa darasa la tatu, kiboko alianza kupanda kutoka ziwani usiku na kula mpunga. Majirani walimwendea baba kwa sababu ndiye mwenye bunduki. Alikwenda, akangoja, akapiga. Kiboko akarudi majini na damu ikaonekana kwenye matete. Watu walimsifu baba sana asubuhi ile. Siku ya tatu, mama mmoja wa jirani alikwenda kuteka maji alfajiri, na kiboko yule, aliyekuwa amejificha katika matete kwa maumivu, alimvamia. Alifariki kabla ya jua kuwa kali.

Kijiji kizima kilisema ni ajali ya ziwa, maana ziwa letu huchukua watu kila mwaka. Hakuna aliyemlaumu baba. Yeye, ambaye alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu, alikaa siku mbili bila kula, kisha akaenda mwenyewe katika nyumba ya msiba, akaketi chini mbele ya mume wa marehemu, akasema, "Kiboko yule alikuwa na chuma changu mwilini." Akatoa ng'ombe mmoja kati ya wale aliokuwa nao. Gobore alilipeleka serikalini na hakulichukua tena.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa tayari mwalimu, nilimwambia baba kwamba kila mtu aweza kukosa shabaha. Alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Sikukosa shabaha. Nilimpiga pale pale nilipotaka. Kosa langu ni kwamba kabla sijatoka nyumbani nilijua baruti ile haimtoshi kiboko, nikaona haya kuwaambia watu."

Wapendwa, hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika Kutoka sura ya 21, mstari wa 33 na 34, Torati inasema habari za mtu anayefukua shimo na kuliacha wazi, akatumbukia mnyama wa mwenzake. Mwenye shimo ndiye mwenye kulipa. Mnyama aliyejeruhiwa na kuachwa ni shimo lililoachwa wazi katika njia ya watu. Atakayetumbukia hakuwako ulipopiga bunduki. Pengine ni mama mwenye ndoo, au mtoto anayetafuta kuni. Nasi hudhani dhambi ya bunduki hutendeka kidole kinapovuta kiwambo, kumbe mara nyingi imekwisha kutendeka nyumbani, siku mtu alipochagua chombo huku akijua moyoni kwamba hakilingani na kazi.

Mpwa wangu aliporudi, nilikuwa na majibu yangu kwenye karatasi. Nilimwambia kwamba kama shida yake ni fisi na chui zizini, ya namba 12 yatosha, tena ina heri zaidi kwa jirani kwa sababu marisau hayafiki mbali. Nilimwambia kwamba kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kuwinda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni ya kuwinda, na huko aendako iko Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyokuwako tangu mwaka 1974, ambamo haruhusiwi kuingiza ng'ombe wala silaha. Nilimwambia kwamba akipata leseni ya nyati asithubutu kushika chini ya .375, na akimjeruhi asirudi nyumbani mpaka amemfuata.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa, Mjomba. Lakini katika hizo zote, ni ipi inayoogopwa?"

Niliiweka karatasi yangu chini. Fisi hajui namba. Nyati hawezi kusoma .375 wala .458. Kiumbe pekee anayeweza kuiona bunduki ikiwa imening'inia begani na kuiogopa kabla haijalia ni binadamu. Basi mpwa wangu alikuwa amekwisha kuchagua ni nani atakayekutana naye huko magharibi, naye hakuwa mnyama.

Sikumkemea, kwa sababu sababu zake ni za kweli. Aliniambia kwamba ng'ombe huibwa, kwamba wenyeji wa huko wamechoshwa na wageni wenye makundi makubwa, na kwamba mtu akifika mikono mitupu hudharauliwa. "Mjomba," alisema, "wewe unalala ndani ya matofali. Mimi nitalala kando ya zizi la miiba, na mtoto mchanga." Sina haki ya kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba imani peke yake itafunga mlango wa zizi. Mchungaji mwema naye alikuwa na fimbo.

Lakini nilimwomba afikirie Isaka, katika Mwanzo sura ya 26. Isaka alikuwa mfugaji mgeni katika nchi ya Gerari, tajiri wa mifugo, mwenye watumishi wengi. Alichimba kisima, wenyeji wakakigombania. Akachimba cha pili, wakakigombania nacho. Hakukosa watu wa kumpigania. Alisogea mbele akachimba cha tatu, na hicho hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi. Baadaye wale wale waliomfukuza walimjia kutaka agano, akawaandalia karamu. Wengine humwona Isaka kuwa mnyonge. Mimi namwona kuwa mtu aliyejua kwamba kisima kilichopatikana kwa kutisha lazima kilindwe usiku na mchana, na watoto wa mtu hawawezi kukua huku wakilinda.

Nikamkumbusha pia habari zetu wenyewe. Nchi hii ya Sengerema ni Buzinza. Kabla ya wazee wetu kuja kulima huku, walikuwa wakipata majembe ya chuma kwa Walongo, wahunzi hodari wa Buzinza. Tulijulikana kwanza kwa biashara ya majembe, ndipo tukapewa mahali pa kulima. Siku ile baba alipokwenda kuketi chini katika nyumba ya msiba, mume aliyempokea alikuwa Mzinza. Yule mzee angeweza kusema, "Mgeni ameniulia mke kwa chuma chake." Alimpa baba kigoda, naye ndiye aliyekuja kumzika baba miaka mingi baadaye. Hakuna bunduki ya namba yoyote iwezayo kumnunulia mhamiaji jirani wa namna hiyo.

Neno kaliba tunalitumia pia kwa watu, husema, "Huyu ni mtu wa kaliba yake." Asili yake ni Kiarabu, nalo ni neno moja na kalibu, chombo ambacho fundi humiminia madini yaliyoyeyuka ili yatoke kwa umbo analolitaka. Madini huchukua sura ya kalibu. Mtu naye huchukua sura ya kitu alichokichagua kumtangulia. Anayetanguliwa na salamu hufika akiwa jirani, hata kama bunduki imo ndani ya mzigo. Anayetanguliwa na mtutu hufika akiwa adui, hata kama hakukusudia kumpiga mtu.

Basi hatimaye nilimwambia hivi. Sitaandika barua ya kudhamini bunduki hapa Sengerema, kwa sababu sisi wa hapa hatutausikia mlio wake. Maombi ya silaha huanzia kwa serikali ya mahali mtu anapoishi, na mimi naona hekima kubwa katika utaratibu huo. Nenda ukajenge, ukaonane na wazee wa kijiji, ukakae nao msimu mmoja. Kisha uwaombe wao wakudhamini. Wakikubali, utakuwa na bunduki ambayo majirani wameikubali, nao watakuita fisi akiwaingilia. Wakikataa, utakuwa umejua jambo ambalo ni muhimu kulijua kuliko namba yoyote. Kwa sasa nitakuandikia barua ya kukutambulisha kwa Kasisi wa huko, na nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji.

Hakunijibu mara moja. Alisema kwamba msimu mmoja ni mrefu kwa mwenye ng'ombe, nami nilikiri kwamba ndivyo. Akizipoteza mali zake katika msimu huo, sehemu ya lawama itakuwa yangu, na ninalijua hilo ninapoandika. Lakini nilikwisha kuona nyumba moja ikimpoteza mama kwa sababu mtu mwema aliona haya kusema kwamba chombo chake hakikufaa. Mimi sikutaka kuona haya.

Alizichukua barua zote mbili, akazikunja, akaziweka ndani ya Biblia yake. Juma lililopita ameondoka na kundi lake. Namwombea, nami nawaombeni nanyi mmtaje katika sala zenu, yeye na wote waliohama na wanaohama, pamoja na wenyeji wanaowapokea. Mungu awajalie kisima kisichogombaniwa.