Telefoni inalia ugenini: je, anayenyamaza anafanya zambi?



Katika makusanyiko yetu wengi ni watu wa safari. Wamama wanavuka Kasumbalesa kwenda kutafuta vitu katika Zambia na Tanzania. Vijana wanakwenda kusoma. Wagonjwa wanatafuta waganga katika inchi nyingine. Na karibu kila mmoja anabeba telefoni. Basi nataka kuuliza ulizo moja, ambalo nililibeba miaka mingi ndani ya moyo kabla ya kuliandika: mtu akiwa katika inchi ya kigeni, telefoni yake ikilia, naye akaiangalia tu pasipo kujibu, kwa sababu kujibu kutakula pesa yake, je, amefanya zambi?

Labda msomaji atasema: hilo ni jambo dogo. Nisikilize kwanza.

Mwaka 2011 nilitoka Lubumbashi kwa bisi, nikapita Zambia mpaka Tunduma, kisha Dar es Salaam, kununua nguo katika Kariakoo. Katika telefoni nilikuwa nimeweka kredi ya dola 20. Nilizania itatosha safari yote. Lakini tulipovuka mpaka tu, ndugu wakaanza kuniita: huyu kunitakia safari njema, yule kuuliza kama tumefika, mwingine kunikumbusha viatu vya mtoto. Kila mara nilipojibu, kredi ilipunguka, ingawa si mimi niliyewaita. Nilipofika Dar es Salaam ilibaki kama dola 4.

Usiku wa pili, saa sita, telefoni ililia. Ilikuwa namba ya mdogo wangu. Siku ile alikuwa ameniita mara mbili juu ya viatu vyake. Niliiangalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nikaitia chini ya mto, nikalala.

Kule Lubumbashi, mama mdogo aliyenilea alikuwa amepelekwa hospitali gafula, na pale walidai pesa kwanza. Pesa ilikuwa nyumbani kwangu, katika sanduku, na ufunguo niliuficha mahali nilipojua mimi peke yangu. Neno moja lingetosha: uko nyuma ya kabati. Mdogo wangu alipokosa jibu langu, alikwenda kubisha kwa jirani, mtu asiyesali pamoja nasi. Yule jirani aliamka, akatoa dola 60, wala hakuuliza zitarudi lini. Mama mdogo alipona. Nilipopata habari asubuhi, nilimwita mdogo wangu.

“Yaya, telefoni yako ilikuwa namna gani?” akaniuliza.

“Mdogo wangu, rezo haikuwa,” nikajibu.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa tuitazame vizuri, kusudi tupate kujua zambi iko wapi, kama iko.

Kwanza inafaa tujue sababu ya pesa kukatwa. Ukiwa nyumbani, anayeita ndiye anayelipa. Ukivuka mpaka na laini yako ya nyumbani, telefoni yako inashika mnara wa kampuni ya inchi ile. Kampuni ile inauliza ya kwenu: je, mtu huyu ni wenu? Ikiitikiwa, inakupokea kama mgeni. Mtu akikuita, mwito wake unakwenda kwanza kwa kampuni ya nyumbani, kisha inausukuma mpaka ugenini ulipo. Anayeita analipa kipande cha kwanza, kama vile ungekuwa Lubumbashi. Kipande cha pili ni juu yako. Sababu yake ni kwamba anayeita hawezi kujua, kwa kuangalia namba tu, kwamba umetoka katika inchi.

Basi ona jambo la ajabu: yule anayekupenda anatumia pesa yako pasipo kujua, na wewe unazuia pesa yako pasipo kujua anataka nini. Wote wawili ni vipofu. Mzigo wa neno hili uwe juu ya nani?

Wengine watasema: mwenye pesa ana haki ya kuichunga, hasa katika ugeni, mahali hana ndugu wa kumkopesha. Neno hilo ni la kweli. Msafiri aliyemaliza kredi yake kwa salamu hatakuwa na kitu siku ya shida yake mwenyewe. Kwa hiyo sisemi kwamba kila asiyejibu ni mkosaji.

Wengine watasema: zambi inajulikana kwa matokeo. Kama ni habari ya viatu, hakuna kosa. Kama ni habari ya ugonjwa, kuna kosa. Mimi pia niliwaza vile kwa muda mrefu. Lakini tuwaze tena. Kama mdogo wangu angekuwa ameita juu ya viatu, ningeamka nikijisifu kwa akili ya kuchunga pesa. Kitendo ni kile kile, mkono ule ule, mto ule ule. Namna gani kitendo kimoja kiwe akili siku moja na zambi siku nyingine, na tofauti yake ikae Lubumbashi, mahali macho yangu hayakufika? Tena mama mdogo alipona. Kama tunapima kwa matokeo tu, basi sina kosa lolote, kwa sababu jirani alilipa. Lakini zamiri yangu haikukubali hesabu hiyo.

Nilipochunguza moyo wangu niliona hivi. Telefoni ilipolia mara ya kwanza, sikujua kitu. Ilipolia mara ya pili, saa sita ya usiku, moyo uliniambia: hii si habari ya viatu. Na hapo ndipo nilipoitia chini ya mto. Sikufanya vile kwa sababu nilikuwa sijui. Nilifanya vile kusudi nisijue. Ndugu wapendwa, zambi yangu ilikuwa pale. Mtu hahukumiwi kwa jambo ambalo hakuweza kulijua. Lakini akifunga masikio yake kusudi asilijue, kutojua kwake ni kazi ya mikono yake mwenyewe.

Tunakumbuka mezali ya Bwana wetu katika Injili ya Luka, juu ya rafiki aliyebisha usiku wa manane akitafuta mikate mitatu. Yule wa ndani alikuwa na sababu nzuri: mlango umefungwa, watoto wamelala. Hata hivi aliamka. Lakini tusisahau yule wa nje pia. Alibisha kwa sababu mgeni amefika naye hana chakula. Hakubisha kwa kutafuta mazungumzo. Mezali hii ina fundisho kwa pande mbili: aliye ndani asikatae kuamka, na aliye nje asibishe bure, kusudi siku ya shida mlango wake usijulikane kama mlango wa mchezo. Ndugu walionimalizia kredi kwa baraka za safari walinipenda kweli. Lakini upendo usiouliza bei ulisaidia kunifunga masikio.

Tena kuna kosa lililokuja mbele ya usiku ule. Wazee wetu wanakumbuka foni, ile redio ya kusema mbali, zamani ambapo telefoni za mkononi zilikuwa bado. Mtu alikwenda kwa foni kwa siku na saa iliyopatanwa, akasema maneno machache, watu wote wakisikia. Shida ya foni iliwafundisha kupatana mbele ya kuachana. Sisi tulipopata telefoni tulizania mapatano hayana kazi tena, kwa sababu tutaitana tu. Nilitoka nyumbani pasipo kumwambia mdogo wangu neno moja: ukiniita mara mbili kwa kufuatana, nitajua ni shida. Pasipo kumwonyesha mtu hata mmoja ufunguo. Nilitegemea mashini kufanya kazi ambayo ilikuwa ya mdomo wangu.

Na kosa la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kupita yote, ni neno lile: rezo haikuwa. Telefoni imetupa uongo ulio tayari, kama nguo iliyokwisha kushonwa. Hakuna anayeweza kwenda Dar es Salaam kupima rezo ya usiku ule. Kwa hiyo tunaivaa pasipo haya: niko njiani, na mtu angali kitandani, niko Zambia, na mtu yuko Kolwezi akimkimbia mwenye kumdai.

Miaka saba ilipita. Siku moja, kiisha ibada, nilimwita mdogo wangu pembeni, nikamwambia kweli yote. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Yaya, nilijua. Kama rezo haiko, sauti ya mashini inakuambia haapatikani. Mimi nilisikia inalia mpaka mwisho, mara mbili.”

Alijua miaka yote saba. Alinyamaza kwa heshima ya mkubwa wake. Uongo wangu haukumdanganya mtu hata mmoja; uliweka tu ukuta kati yetu, na yeye aliuona kila siku.

Sasa mtu atasema: siku hizi mambo yamebadilika. Ni kweli. Mwaka 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, kusudi mteja wake asilipie kupokea mwito akivuka mpaka, na mwaka 2007 Kongo yetu ikaingia. Laini yangu mimi ilikuwa ya kampuni nyingine. Tangu tarehe 15 Juni 2017 wenye laini za inchi za Umoja wa Ulaya wanatembea katika inchi hizo pasipo kuongezewa bei. Tena wengi wanatumia WhatsApp. Lakini mto ungali pale pale. Zamani tulisema rezo haikuwa. Leo mtu anazima zile alama mbili za bluu, kusudi mwenzake asijue kwamba amesoma. Pesa inaweza kupunguka, na moyo ukabaki vile vile.

Basi, ninyi mnaojitayarisha kwa safari, ninawapa shauri hili:

1. Mbele ya kuvuka, uliza kampuni yako bei ya kupokea mwito ugenini. Zima intaneti ya laini ya nyumbani, kwa maana telefoni inaweza kula kredi wewe ukiwa umelala. Ukikaa siku nyingi, nunua laini ya inchi ile kwa pasipoti yako, na upeleke namba nyumbani siku ile ile.

2. Patana na watu wa nyumbani alama ya shida. Kwa mambo mengine waandike mesaji, maana mara nyingi kuipokea hakulipwi.

3. Mwachie mtu mwaminifu ufunguo.

4. Ninyi mnaobaki, mkitaka kumbariki msafiri, mwombeeni. Maombi hayamkati kredi.

5. Ukishindwa kujibu, sema kweli: niliona, sikujibu, nilichunga pesa. Neno hilo linaumiza siku moja. Lile lingine liliniumiza miaka saba.

Ile dola 60 nilimrudishia jirani. Alipoipokea alicheka, akasema alikwisha kusahau. Mimi sijasahau. Tangu siku ile, telefoni yangu ikilia mara mbili usiku, ninaamka.

Mungu atupe masikio yaliyo wazi. Amina.