Kusafiri na Watoto Kwenda Milimani: Jawabu kwa Muulizaji wa Kisauni

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na akaisimamisha milima juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahli zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Baada ya darsa yetu baina ya Magharibi na Isha, ndugu mmoja wa Kisauni, mwenye watoto watatu ambao mkubwa wao hajatimiza miaka tisa, alituuliza suala ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa kalamu, kwani si lake peke yake. Alisema: "Sheikh, shule zimefungwa, nami nimeweka akiba kidogo. Nataka kuwachukua mama watoto na wanangu twende Taita kwa gari, tuzunguke milimani siku tatu, kisha turudi. Wazee wengine wamenambia hayo ni mambo ya Wazungu, na mwenye pesa za kutembelea na awape masikini. Wengine wamenambia niende tu, Mungu atanilinda. Nifuate lipi?"

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiyo taufiki: suala hili lina mafungu matatu. La kwanza ni hukumu ya safari yenyewe. La pili ni Swala na itikadi ya msafiri awapo njiani. La tatu, nalo ndilo zito, ni amana ya roho zile ndogo atakazozipakia garini.

Ama la kwanza, wasemao kwamba kutembea na ahli ni mambo ya Wazungu hawakuizingatia sira ya Mtume wao. Yeye (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyeangukiwa na kura humchukua pamoja naye. Katika safari moja aliwaamrisha watu watangulie mbele, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Na siku moja aliporejea Madina alipokewa na watoto wa jamaa zake; akampakia Abdullahi bin Jaafar mbele yake, na mmoja wa wana wa Bibi Fatima nyuma yake, wakauingia mji watu watatu juu ya mnyama mmoja. Je, huyu ni Mtume aliyeona haya kuonekana njiani na watoto?

Jambo la kusikitisha ni kuwa wako wanaume wetu ambao barazani wana khabari za Nairobi na za Dubai, na mama watoto hajapata kuvuka Mazeras. Mwenye hali hiyo asiseme kuwa amehifadhi pesa kwa ajili ya masikini. Amezihifadhi kwa ajili ya nafsi yake.

Na kuna faida nyingine, ndugu zetu, ambayo twaomba kila mzazi aifikirie. Mtoto wa Kisauni, au wa Likoni, au wa Changamwe, aingiapo chuoni huanza na Juzuu Amma. Humo huisoma milima mara baada ya mara. Katika Sura an-Nabaa husoma kuwa milima imefanywa vigingi. Katika an-Naziat, kuwa Mola ameikita. Katika at-Takwir, kuwa itaendeshwa. Katika al-Ghashiya huulizwa kama hatazami jinsi ilivyosimamishwa. Na katika al-Qaria huambiwa kuwa siku hiyo itakuwa kama sufi iliyochambuliwa. Mtoto huyu ahifadhi yote haya kwa moyo, naye mlima hajapata kuuona. Kilima kirefu akijuacho ni Nguu Tatu, nacho mtu hukipanda na kukishuka kabla jasho halijamkauka.

Basi mwalimu aulizapo, "Je, hawatazami milima?", mtoto ajibu nini? Mpeleke akasimame chini ya Vuria, ambao ni mrefu kupita milima yote ya Taita, kimo chake zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Mwache auinulie uso mpaka kofia imwanguke. Kisha mwambie: "Mwanangu, hili ndilo litakalokuwa sufi ya kupeperushwa." Khofu ya Siku ya Kiyama itamwingia kwa namna ambayo bakora haijapata kumtia mtoto yeyote. Wala usimwache na khofu peke yake. Mwambie pia kuwa Mtume (S.A.W.) aliutaja mlima wa Uhud akasema kuwa ni mlima utupendao nasi twaupenda, ili ajue kwamba viumbe hivi vikubwa navyo ni waja wa Mola mmoja.

Tena katika Sura al-Mursalat Mwenyezi Mungu ameitaja milima mirefu, na papo hapo akataja kuwa ametunywesha maji matamu. Sisi watu wa Mombasa twapasa kuifahamu aya hii kuliko wengi. Mvua inyeshayo katika vilima vya Chyulu huzama ndani ya mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikatokeza Mzima katika Tsavo. Na kutoka hapo bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 laleta maji mpaka mjini kwetu. Na maji ya Marere nayo yatoka katika vilima vya Shimba. Siku mifereji ikaukapo, nasi tukanunua madumu kwa wenye mikokoteni, twalalamika. Siku yajapo, ni wangapi wetu hukumbuka mlima uliotuletea? Baba na awaeleze wanawe haya, wajue shukrani waielekeze wapi.

Ama ya masikini, ni kweli kuwa ana haki, lakini haki yake haiondoshi haki ya mtoto. Muulizaji atoe kwanza Zaka ikiwa imemlazimu, na alipe deni lililofika muda wake. Kitakachobakia ni chake, na kukitumia kwa ahli zake kwa nia njema kuna thawabu. Walakini mwenye kukopa kwa riba ili watu waone picha za wanawe mlimani, huyo amenunua dhambi kwa bei ghali. Asiyekuwa na uwezo wa Taita ana vilima vya Shimba karibu; akivuka Likoni asubuhi hurudi jioni. Na ikiwa kiti kimoja kimebaki wazi garini, na atazame mlango wa jirani, huenda mna yatima asiyekuwa na wa kumtembeza. Hapo atakuwa amewajibu wale wazee kwa vitendo.

Ama fungu la pili, kutoka Changamwe hadi Voi ni kiasi cha kilomita 150, na masafa ya kupunguza Swala katika madhhab yetu ya Imam Shafii, kwa wengi wa waliopima, ni kilomita themanini na kitu. Kwa hivyo safari hii yatosha, nayo ina makusudio sahihi, kwani kupumzisha nafsi ni katika makusudio yanayokubaliwa. Basi akishayaacha nyuma majumba ya mji wake, yafaa aswali Adhuhuri rakaa mbili, na Alasiri mbili, na Isha mbili. Magharibi na Alfajiri hazipungui. Yafaa pia kuikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Akiswali nyuma ya imamu mwenyeji basi na atimize kama yeye. Na kwa kuwa kikao chake hakifiki siku nne kamili, zisizohisabiwa siku ya kuingia wala ya kutoka, rukhsa yaendelea mpaka arejee.

Mola ameturahisishia hivi, na bado wako waachao Swala njiani kwa kusema kuwa watoto wanalia. Na lililo baya zaidi, mara nyingi baba hushuka akaswali msikitini kwa utulivu, na mama akabaki garini amembeba mtoto hata wakati ukatoka. Swala ya mama ni faradhi kama ya baba. Baba akimaliza na amshike mtoto, mama naye ashuke. Mtume (S.A.W.) aliswali hali amembeba Umama, mjukuu wake, akisujudu humweka chini na akisimama humbeba, sembuse sisi kushika mtoto nje ya Swala?

Akifika Mackinnon Road ataukuta msikiti kando ya reli, na ndani yake kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa katika wajenzi wa reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896. Kusimama hapo, kutawadha, kuswali na kupumzika ni jambo jema, na kumuombea maiti ni Sunna. Ama kuamini, kama waaminivyo madereva wengine, kuwa apitaye pasi na kusimama atapatwa na ajali, na kuwa atiaye sadaka pale amejinunulia salama ya njia, hilo halina asili katika dini. Aliyelala kaburini ni mhitaji wa dua zetu. Wala hashiki usukani wa mtu. Kadhalika hirizi ifungwayo chini ya kiti na kitambaa cheusi kifungwacho mbele ya gari: mtoto akiviona vile atajifunza kutoka kwa babake mwenyewe kuomba ulinzi kwa uzi. Kumfundisha dua ya kupanda chombo ni bora mara elfu.

Na Sunna moja yafaa mno kwa njia ya mlimani. Jabir bin Abdullahi (R.A.) amepokea kuwa wao, walipokuwa wakipanda mahali pa juu walileta takbira, na walipokuwa wakiteremka walileta tasbihi. Kutoka Mwatate kwenda Wundanyi barabara hujipinda ikapanda, ikajipinda tena. Waambie watoto: tukipanda, semeni Allahu Akbar, tukishuka, semeni Subhanallah. Watafurahi kama wachezao, nao wamo katika ibada.

Na wafikapo huko wawe na adabu. Bado twasikia katika midomo ya baadhi yetu maneno ya dharau juu ya watu wa bara, kana kwamba ustaarabu uliumbwa pwani na ukaishia Mazeras. Wataita ndio walimao katika miteremko ile, na mboga zao huteremka mpaka soko la Kongowea zikaingia vyunguni mwetu. Mtoto akimwona mzee wa Kitaita na amwamkie kwa heshima kama amwamkiavyo babu yake; wala asimsikie babake akicheka lugha ya mtu.

Sasa twafikia fungu la tatu. Wale waliomwambia muulizaji, "Nenda tu, Mungu atakulinda," wamesema neno la haki wakaliweka pasipo mahali pake. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na ategemee, akamwambia amfunge, kisha ategemee. Kumfunga ngamia katika zama zetu ni kuyatazama magurudumu na breki kabla ya kutoka. Ni kuwafunga watoto mikanda, kila mmoja kwa kiti chake. Ni kutompakata mtoto kiti cha mbele kwa kuwa analia, kwani gari ligongapo, mkono wa mama hauwezi kumzuia mtoto hata awe na mapenzi kiasi gani. Ni kutosafiri usiku hali macho yana usingizi, katika barabara ile ya malori na matrela. Ni kuteremka mlima kwa gia ndogo, usiitegemee breki peke yake mpaka ikapata moto ikakataa kushika. Na mtoto akishikwa na kichefuchefu kwa ajili ya kona, simama mahali pa salama, mpe hewa na maji. Wala usimkaripie, kwani hakujitakia.

Alikuwako mwongozaji wa ngamia jina lake Anjasha, mwenye sauti nzuri. Akiimba, ngamia huenda mbio. Siku moja wanawake walikuwa juu ya ngamia wale, na Mtume (S.A.W.) akamwambia aende taratibu, kwa kuwa amechukua vyombo vya kioo. Tazama rehema hii! Ngamia hakimbii nusu ya mbio za motokaa, na bado dereva wake aliusiwa. Basi vipi yule apitaye gari jingine konani kwa kuwa amechoka kulifuata, na nyuma yake wamo watoto watatu wamelala?

Sisi ambao huitwa kuosha maiti twajua jambo ambalo wenye haraka hawalijui. Maiti ya mtoto haina kazi kubwa. Maji kidogo yatosha, na sanda yake ni fupi. Ugumu wake ni baba aliyesimama mlangoni, ambaye kila mtu amwambia kuwa ni kadari ya Mungu. Naye ajua moyoni kuwa kadari ni haki, na ajua pia kuwa aliambiwa apunguze mwendo asisikie. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura al-Baqara kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Kadari haitakuwa jawabu la suala hilo kwa aliyeacha kufunga mkanda.

Kwa ufupi, jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili: Nenda, wala usiwaonee haya wakulaumuo. Nenda kwa mali ya halali, na nia ya kuwaonyesha wanao kazi ya Mola wao. Chunga Swala zako na Swala za mkeo. Muombe Mungu peke yake, na ufunge ngamia wako kabla ya kumuomba. Enda taratibu. Ukichelewa kufika, utakuwa umepoteza saa moja tu.

Na watakaporejea chuoni, mwalimu awasomeshapo milima, watakuwa na la kumwambia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bara na wa bahari, awarejeshe kwa ahli zao salama, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye kutazama na kuzingatia. Amin. Wallahu aalam.