Kanga Isiyo na Jina

Ole wetu, wana wa watu wa kanga! Mama zetu hawakununua doti kwa kuvutiwa na rangi peke yake. Waliitandaza mezani kwa muuzaji, wakakagua pindo, wakakagua mji, kisha wakainama kusoma jina, maana walijua kwamba nguo isemayo neno baya humwaibisha aliyeivaa. Kipande cha pamba kilikuwa na sura, kilikuwa na kauli, na viwili hivyo vilipatana. Leo sisi, wana wao, tunaunda programu za simu zinazoshika mishahara, ada za shule na siri za wagonjwa, na hatujali zinazungumza kwa ulimi wa nani.

Tunajua. Tumezoea.

Tukipewa kazi ya kuunda chapa, tunaanzia wapi? Tunafungua programu ya California, tunaazima buluu yake, herufi zake, vikatuni vyake vya watu wasio na macho wala pua. Kisha tunaandika mwongozo mnene: nembo isisogezwe, rangi isikosewe, nafasi ya pembeni isipunguzwe. Kurasa kwa kurasa za nembo! Na sauti je? Mstari mmoja: “Sisi ni rafiki wa mteja.” Nani kati yetu aliwahi kuandika atakachosema rafiki huyo usiku ambao hela ya dawa imekwama njiani? Hakuna. Mgonjwa yu kitandani, na rafiki anajibu: “Hitilafu. Jaribu tena baadaye.”

Urafiki wa tangazo ni utapeli.

Hesabuni wenyewe. Tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO ilikitengea Kiswahili mwaka 2021, tunapamba matangazo kwa methali. Tarehe 8 mteja anafungua programu ileile na hakuna kitufe anachokielewa. Redioni tunamwita mama, tunamwita ndugu, halafu tunamkimbizia kwa pumzi moja “vigezo na masharti kuzingatiwa”, na masharti yenyewe tumeyaficha katika Kiingereza cha mawakili. Akikopa ni mpendwa. Akichelewa siku mbili anatukanwa, na shemeji yake anapigiwa simu aambiwe deni lisilomhusu. Uovu huo ulienea hata kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zikalazimika kumkataza mkopeshaji wa mtandaoni kutisha, kutukana na kupekua majina yaliyomo kwenye simu ya mdaiwa. Je, watu waliolelewa kupiga hodi walihitaji sheria ya kuwafundisha adabu?

Msiniambie Kiswahili hakina maneno. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Mwaka 2007 Kenya ilizaa M-Pesa, na neno la sokoni likabeba huduma nzima. Mwaka 2008, nchi ikivuja damu baada ya uchaguzi, Wakenya waliunda programu ya kupokea taarifa za ghasia wakaiita Ushahidi, na jina likatangaza kazi kabla ya nembo. Maneno yalikuwapo. Tulichokosa ni staha.

Wala asinawe mikono mtu. Mwenye mtaji anataka programu ifanane na za ng’ambo ili wageni waiamini. Mbunifu anatii. Mfasiri anapokea orodha ya maneno makavu, haonyeshwi hata skrini moja, naye anajaza na kuchukua ujira. Mtumiaji akikuta Kiswahili kwenye kitufe anacheka kwamba ni cha kishamba, kisha analalamika kuwa haelewi. Nami niliyeandika haya nimeketi katika vikao hivyo, nikabishania rangi saa nzima, na ujumbe wa deni ukapita bila kusomwa na yeyote.

Sote tumo.

Basi kabla hamjachagua rangi nyingine, chukueni ujumbe mnaomtumia mdaiwa. Nendeni nao nyumbani. Simameni mbele ya mama aliyewafundisha shikamoo, msome kwa sauti, neno kwa neno, kama yeye alivyosoma jina la kanga kabla ya kuivaa. Ulimi ukiwa mzito, hiyo ndiyo chapa yenu.