Bibi alisema tumwombee, sisi tukamsifu



Tulimzika Bibi mwezi wa Februari. Msibani kila aliyesimama alisema Mwalimu ameshafika mbinguni. Na mimi, mjukuu niliyepewa kusoma wasifu, nikasema hivyohivyo. Watu wakaitikia amina, nikarudi kukaa nimeridhika kabisa.

Wasifu wenyewe ulikuwa mzuri, jamani. Alifundisha darasa la kwanza zaidi ya miaka 30. Alianza miaka ya 1970, enzi za UPE, watoto wamejaa hadi wengine wanakaa sakafuni, na jioni anawafundisha kusoma wazazi wa watoto walewale. Alipostaafu, kiinua mgongo chake kiliishia kwenye ada zetu. Saa moja jioni ni rozari, na simu zote zinawekwa kwenye ungo. Hata mjomba wetu mwenye cheo aliweka yake.

Ambacho sikukisoma ni fimbo. Bibi alikuwa mkali. Kuna mtoto mmoja alimchapa na kumwita mjinga mbele ya wenzake, na yule mtoto hakurudi tena shuleni. Sasa ni mzee mwenye wajukuu. Mwaka wake wa mwisho, miguu imeshavimba, Bibi aliniambia niite bodaboda nimsindikize kwake. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Bibi akasema, "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe."

Yule mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mpaka leo jina langu naandikiwa."

Hakusema amesamehe. Alimsaidia tu kupanda pikipiki. Usiku ule Bibi aliniambia, "Nikifa msinisifu sana. Mniombee." Nami nikaenda kufanya kinyume chake, kwenye kipaza sauti.

Ukisoma Kitabu cha Pili cha Wamakabayo sura ya 12, utaona Yuda Makabayo akienda kuwazika askari wake. Walikufa wakilipigania taifa la Mungu, lakini chini ya nguo zao zikakutwa sanamu ndogo za miungu. Yuda hakuficha, wala hakuwatupa. Aliwaombea, akachangisha fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilidhani kumpenda Bibi ni kumtangaza mtakatifu mapema, kumbe nilimnyima kitu pekee alichoniomba.

Tangu tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukienda makaburini ukawaombea marehemu, Kanisa linakuwezesha kuwapatia walioko toharani rehema kamili: ungama, pokea Komunyo, sali kwa nia za Baba Mtakatifu, na ukatae kabisa kushikamana na dhambi, hata ndogo. (Hilo la mwisho ndilo gumu kwangu.) Nauli ya kwenda kaburini kwa bibi yako huenda ni ndogo kuliko bando lako la wiki.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa yule mzee kumwomba naye amwombee Bibi. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na noti ya elfu tano na bahasha ya nia ya Misa.

"Mwandikie Mwalimu," akasema. "Na jina langu uliweke chini."

Nikaandika.