Kupiga Picha na Kupiga Hodi

Wako walimu wengi siku hizi watakao kununua kamera ndogo, ya kutia mfukoni, wapate kupiga picha za mambo ya kila siku barabarani na, mara kwa mara, kujipiga wenyewe. Swali la kwanza waulizalo ni la bei; la pili ni la uzuri wa picha. Maswali hayo ni ya haki. Walakini liko swali la tatu ambalo aghalabu halitajwi: je, chombo hiki kitanifanya niwe mtu wa namna gani mbele ya wale nitakaowapiga picha? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba swali hilo ndilo lipasalo kutangulia, na kwamba jibu lake laweza kutuongoza hata katika kuchagua kamera yenyewe.

Na tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kimeliweka tendo hili chini ya kitenzi piga. Twapiga picha kama tupigavyo pasi, simu, magoti na hodi. Mwanafunzi akishangaa, mwalimu humweleza kwamba piga hapa halina maana ya kuumiza, bali hupata maana yake kutokana na nomino inayolifuata. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini tazama kauli ya kutendwa. Tusemapo "mama yule amepigwa picha", sentensi yetu haisemi kama alikuwa na habari, wala kama aliridhika. Kupiga hodi ni kinyume cha hayo. Hodi haikamiliki pasipo mtu wa pili: mwenye nyumba hujibu "karibu", au hunyamaza, na akinyamaza hata hodi ya tatu mgeni mwenye adabu huenda zake. Basi hoja yetu yote ni hii: kupiga picha kwa haki ni kule kunakofanana na kupiga hodi.

Kamera ndogo si jambo geni. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza Kodak, kamera aliyoweza kuitumia mtu asiye fundi. Mwaka 1900 ilitokea Brownie, iliyouzwa kwa dola moja tu. Mwaka 1925 Wajerumani walileta sokoni Leica, iliyotumia filamu ya milimita 35, na mpiga picha akaweza kutembea mjini bila ya kubeba miguu mitatu na sanduku. Tangu hapo hadi leo sifa moja imerudiwa katika kusifu kila kamera ndogo: watu hawaioni.

Sifa hiyo yataka kuchunguzwa. Mtu aweza kutaka asionekane kwa sababu mbili. Ya kwanza ni upole: hataki kuwashtua watu wala kusimamisha shughuli zao. Ya pili ni woga: hataki kuulizwa, kwa kuwa anajua angeulizwa asingekuwa na jibu. Kamera ni ile ile na picha yaweza kuwa ile ile, lakini matendo ni mawili.

Huku kwetu, kutoka Masafu hadi Busia na kupanda hadi Tororo, tofauti hiyo si ya vitabuni. Sisi ni watu wa mpakani. Hata jina boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, linasimuliwa kuwa lilizaliwa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha abiria baina ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi hizo mbili walifungua rasmi utaratibu wa kukaguliwa mahali pamoja. Hata hivyo njia za panya hazikuota majani. Mathalani, mama apitaye huko alfajiri na gunia la mahindi kichwani, ukungu nyuma yake na jua likichomoza, ni picha nzuri mno kwa mwenye kamera. Kwa mama mwenyewe picha hiyo ni ushahidi. Zamani ingalikaa katika albamu ya mtu mmoja. Leo yaweza kusambaa katika simu za watu elfu kabla hajafika sokoni. Mpiga picha amepata sifa, na mama huenda akapoteza mtaji.

Ipo sheria, ni kweli. Katiba ya Uganda ya 1995 na ile ya Kenya ya 2010 zote zinalinda faragha ya mtu, na mwaka 2019 kila moja ya nchi hizo ilipata sheria ya kulinda habari za watu binafsi. Lakini mara nyingi sheria hufika baada ya madhara. Adabu hutangulia.

Historia ya picha Afrika Mashariki nayo inatuonyesha njia zote mbili, na mji wa Unguja unatosha kuwa mfano. Mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa huko kadi za posta zenye picha za wenyeji, na chini ya picha nyingi hapakuandikwa jina la mtu, bali kabila lake au kazi yake tu. Mtu alifanywa kielelezo. Kisha mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, katika mji huo huo. Aliyeingia studio alikuja kwa hiari yake, amevaa nguo aipendayo, akaketi apendavyo, na picha akaichukua kwenda nayo nyumbani. Katika njia ya kwanza mtu alichukuliwa; katika ya pili alijitoa.

Hapa ndipo picha ya kujipiga, ambayo wazee wengi huidharau kama majivuno, inapoweza kutufundisha. Mtu ajipigapo hujipa haki tatu bila ya kujua. Hujiandaa: hufunga kifungo, hutafuta mwanga. Huitazama picha mara itokapo. Na huikataa ikiwa mbaya. Aweza kufuta kumi akabakiza moja. Mtu huyo huyo akitoka barabarani humpiga mpita njia akiwa na mdomo wazi, asimwonyeshe wala asimpe nafasi ya kukataa. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kipimo ni rahisi: haki ulizojipa nafsi yako, mpe na mwenzio.

Yamkini msomaji atapinga kwamba ukiomba ruhusa picha hufa. Kila mtu hukakamaa na kutabasamu. Tena atauliza, je, Mohamed Amin, Mkenya aliyepiga filamu za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, angemwomba ruhusa kila mwenye njaa? Picha zile ziliiamsha dunia, na huenda maelfu waliokolewa kwa ajili yake. Pingamizi hilo lina uzito, nasi hatulipuuzi. Lakini Amin alikwenda Korem kuwa shahidi, na ushahidi ule uliwatetea wale wale waliopigwa. Ajionaye kuwa shahidi ajiulize: ninamshuhudia nani, na kwa faida ya nani? Picha ya foleni ya wagonjwa hospitalini, iliyopigwa kwa kuwa rangi zimependeza, si ushahidi. Ama kuhusu picha kufa, hodi si lazima itangulie sikuzote. Waweza kupiga kwanza, kisha ukamsogelea mtu, ukamwonyesha, na akikataa ukafuta mbele ya macho yake.

Sasa turudi kwenye uchaguzi wa kamera. Tulinganishe mbili zilizotolewa mwaka 2019. Ricoh GR III ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri na kadi, na lenzi yake, yenye upana sawa na ule wa milimita 28, haivuti mbali. Atakaye sura ya mtu hana budi kumkaribia, na aliye karibu huonekana na husemeshwa. Hilo ni jema. Lakini kioo chake cha nyuma hakigeuki, kwa hiyo mwenye kujipiga hubahatisha. Canon PowerShot G7 X Mark III huvuta mbali, na hicho ni kishawishi cha kuiba sura za watu kutoka upande wa pili wa barabara. Ila kioo chake huinuka na kugeuka kuelekea mbele. Kiligeuzwa kwa ajili ya wajipigao. Mwenye busara atakigeuza kwa ajili ya mwenzake pia: mama wa sokoni ataiona sura yake kabla ya picha kupigwa, na atasema ndiyo au hapana. Wakati huo aliye nyuma ya kamera haoni kitu, na kwa muda mfupi huo amempa mwenzake sehemu ya mamlaka yake. Simu ya mkononi nayo yaweza kufanya hivyo, maadamu mwenye nayo ana adabu ile ile. Asiye na fedha za kamera hajakosa kitu kikubwa.

Kwa sisi walimu kuna neno moja zaidi. Mwanafunzi hawezi kwa urahisi kumwambia mwalimu wake hapana. Kwa hiyo ukimya wa mtoto darasani si "karibu", na mwalimu mwenye kamera apige hodi mara mbili: kwa mtoto na kwa mzazi wake. Na atakapofundisha kauli za kitenzi piga, asiishie kwenye pigwa. Aifikishe darasa kwenye pigiana, kwa kuwa watu wapigianao picha hutazamana kwanza.