Kicheko cha Aliyeachwa

Kijana aliyeachwa na mpenzi wake mara nyingi huzidisha uchangamfu. Katika kata ya Sigino, mjini Babati, kama kwingineko Tanzania, sababu haiko mbali: uhusiano wenyewe ulikuwa siri. Mzazi hakuujua, mwalimu angeuadhibu, na msiba usiotangazwa hauwekewi matanga. Binti wa kidato cha tatu hucheka kuliko wote bombani, huwatania wenzake, kisha usiku husukuma sahani ya ugali pembeni akidai ameshiba.

Maumivu hayo si deko. Mwaka 2011, nchini Marekani, Ethan Kross na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 40 walioachwa karibuni walionyeshwa picha za wapenzi wao wa zamani. Baadhi ya sehemu za ubongo zilizoamka ni zilezile zinazoshughulika na maumivu ya mwili.

Dalili za kutazamwa ni ndogondogo: usingizi wa mang'amung'amu, daftari lisiloguswa, simu inayochunguliwa kila dakika. Kwa siku chache ni kawaida. Zikipita wiki mbili, au kijana akianza kuzungumzia kufa, jambo limeshakuwa zito. Swali la “nani alikuruhusu?” humfunga mdomo papo hapo; lakini shangazi au bibi anayesikiliza kwanza huambiwa mengi ambayo baba hatayasikia kamwe. Asiye na wa kumwambia anaweza kupiga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, hata usiku.